Ukimwambia mtoto asome, mwambie na cha kusoma

Karibu kila mzazi ana hotuba yake: soma mwanangu, bila elimu utahangaika. Hotuba hiyo imewahi kupimwa. Mwaka wa masomo wa 2010/11, mchumi Roland Fryer aligawa simu za bure kwa wanafunzi wa Oklahoma City, Marekani. Kila siku uliingia ujumbe kuhusu faida za kusoma na hasara za kuacha shule. Wengine walipewa muda wa maongezi kwa kusoma vitabu. Watoto walielewa, na wenyewe walisema wanajitahidi zaidi. Lakini mahudhurio na alama za mitihani vilibaki palepale.

Sioni uvivu hapo. Mtoto aliyekwama kwenye hesabu za sehemu hajakosa hamu ya maisha mazuri. Amekosa wa kumwonyesha kwa nini theluthi ni kubwa kuliko robo.

Huko Los Angeles, mtafiti Peter Bergman aliwapelekea wazazi habari za namna nyingine: somo gani, zoezi lipi halijakusanywa, ukurasa wa ngapi. Alama za wanafunzi wa madarasa ya juu zikapanda. Mzazi hakulazimika kujua aljebra ili aulize swali sahihi jioni ile.

Kenya nako, watu wa mpango wa Uwezo waliwapima watoto majumbani na kuwapa wazazi matokeo pamoja na mapendekezo ya kuchukua hatua. Utafiti uliofuatilia vijijini haukuona wazazi wakibadilika. Habari ya mara moja, hata ikiwa nzito, hupoa upesi.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa wazazi usiishie kuuliza mtoto amekuwa wa ngapi. Uliza mada iliyomshinda. Nyumbani fungua daftari, hata kama somo hulijui: angalia tarehe ya kazi ya mwisho, kurasa zilizorukwa, na makosa ambayo hayajafanyiwa masahihisho. Akiyasahihisha, msifie siku hiyo hiyo, tena kwa kazi hiyo. Ahadi ya baiskeli akishika namba moja haimsaidii aliye wa arobaini, maana hajui aanzie wapi.

Mwalimu mwenye darasa la watoto 80 hawezi kumwandikia kila mzazi. Aanze na wachache ambao hawajakusanya kazi wiki hii, na amtumie ujumbe mzazi mwenyewe, si kwenye kundi la WhatsApp la darasa zima. Jina la mtoto likianikwa pale, mzazi huona aibu kwanza, na daftari husahaulika.