Simu na Usukani

Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita mita 50 kwa sekunde 3. Dereva akiinamia simu kwa muda huo, mita zote hizo amekwenda bila kuona njia. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba atumiaye simu akiendesha yu katika hatari ya ajali takriban mara 4 ya asiyeitumia. Hata akiongea bila kuishika, hatari haipungui sana: macho yako barabarani, akili iko kwenye mazungumzo.

Sisi wauguzi twawasihi:

1. Dereva, zima simu kabla ya kuondoka. Ukiihitaji, simama kwanza mahali salama.

2. Abiria wa basi au bodaboda, mwombe dereva aiweke. Usione haya.

3. Mlio nyumbani, baba akiwa njiani msimpigie. Subirini afike.