Mbona Mtaa Mmoja Hupanda na Jirani Yake Hubaki Chini?

Wanachama wenzangu waliniomba niandike juu ya mabadiliko ya miji. Mada hii sikuitafuta vitabuni. Ilikuja yenyewe mpaka mlangoni petu.

Nikiwa shule ya msingi tuliishi Huruma, Eldoret, katika chumba kimoja cha mabati. Landilodi wetu alikuwa mzee mpole. Mama akichelewesha kodi, yeye husema tu, "Haya mama, tutaonana wiki ijayo." Mzee alipofariki, wanawe waliiuza ile ploti. Mwenyewe mpya hakuwa mtu mbaya, lakini alikuja na ramani mkononi. Tukapewa mwezi mmoja. Vyumba kumi vikabomolewa, na mahali pake pakasimama fleti ya orofa nne. "Mwanangu, wacha turudi nyuma kidogo tupumue," Mama aliniambia. Tukapakia vyombo kwenye pikapu tukaja Turbo, kama kilomita 35 kutoka mjini. Kichekesho ni kwamba wadi ya Huruma imo ndani ya eneo bunge la Turbo. Kwa upande wa kura, basi, hatukuhama hata hatua moja!

Lakini kuna jambo lililonikera zaidi ya kuhama. Ng'ambo ya kijia, hatua ishirini hivi kutoka kwetu, vyumba vya mabati vilibaki vilevile, na hadi leo vipo. Choo chao ni kile kile cha shimo, na watoto niliocheza nao wangali wanaishi pale. Mbona kwetu na si kwao?

Jambo lenyewe lina historia. Mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass aliona mitaa ya wafanyakazi jijini London ikinunuliwa nyumba moja moja na watu wa tabaka la kati. Nyumba zilipakwa rangi, kodi zikapanda, na wenyeji wakaondoka. Akalibunia neno la kejeli kutokana na jina la mabwanyenye wa mashamba wa Uingereza. Chamani tulibishana tuliiteje kwa Kiswahili. Mmoja alipendekeza "ukwasishaji wa mitaa", kutokana na mkwasi. Ni neno zuri, ila mimi nitasema tu mtaa "umepanda", kwani hivyo ndivyo watu wanavyosema stegi.

Mwaka 1979 mtaalamu wa jiografia Neil Smith alieleza kwa nini mtaa hupanda. Tazama, alisema, tofauti kati ya pesa ambazo ardhi inaleta leo na zile ambazo ingeweza kuleta ikitumiwa vingine. Pengo hilo likiwa kubwa, mtu mwenye mtaji atakuja tu. Tufanye hesabu ya mfano. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina vyumba kumi vya mabati, kila kimoja shilingi 1,500 kwa mwezi. Jumla ni 15,000. Ibomoe, jenga fleti yenye bedsita ishirini za shilingi 5,000, utapata 100,000. Pengo ni 85,000 kila mwezi. Nani ataliona alale?

Hapo ndipo nilipokwama, maana kwa hesabu hiyo Huruma yote ingekuwa fleti. Nikaanza kuuliza watu: fundi wa mawe ambaye ni mjomba wangu, dalali mmoja, na mzee mwenye vyumba ng'ambo ya kile kijia. Mzee ndiye aliyenifungua macho. "Kijana," aliniambia, "hii ploti ni ya marehemu baba. Tuko ndugu saba. Ukitaka kuuza, saba wote waweke sahihi, na wawili hawasemezani." Kumbe! Ugomvi wa ndugu ndio unaowalinda wapangaji wake kuliko sheria yoyote. Kwetu ndugu walikuwa wawili, wakaelewana upesi, nasi tukahama.

Mjomba aliongeza sababu ya kifundi. Fleti yenye vyoo ishirini vya kuvuta maji haiwezi kutegemea shimo. Bomba la majitaka likipita karibu, mjenzi huja. Lisipopita, atachimba tangi kubwa la maji machafu na kulipia lori la kulinyonya kila mara, au atakwenda kwingine. Kwa hiyo ukitaka kubashiri mtaa utakaopanda, usitazame maghorofa, tafuta vifuniko vya bomba la majitaka. Hati ya ardhi nayo ina kazi yake, maana benki haikopeshi kwa karatasi ya kampuni iliyonunua shamba na kuligawa. Langas ilikuwa shamba kabla ya kukatwa vipande vidogo vidogo, na ndiyo sababu moja mabadiliko yake huenda kidogo kidogo, chumba kwa chumba. Isitoshe, kuna hofu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia ziliteketeza nyumba nyingi Eldoret na viungani mwake, Turbo ikiwemo. Mtu aliyechomewa hafikirii orofa nne. Hufikiria mabati yanayobebeka.

Sasa tazama Eldoret nzima. Elgon View haikupanda, ilizaliwa juu: viwanja vipana, ua na miti. Kimumu ilivutwa na wanafunzi wa Chepkoilel, ambako Chuo Kikuu cha Eldoret kilipata hati yake mwaka 2013; hapo bedsita na hosteli ni nyingi mno. Pesa za riadha nazo zimejenga mji. Moses Kiptanui, aliyekuwa wa kwanza duniani kukimbia mita 3,000 za kuruka viunzi chini ya dakika nane mwaka 1995, ni mmoja wa wanariadha waliogeuza jasho kuwa majengo katikati ya mji. Kisha ikaja baipasi ya kilomita 32 kutoka Cheplaskei hadi Leseru. Leseru iko njiani kati ya Turbo na mjini, na mabango ya ploti yamesogea mpaka kwenye mahindi. Na tarehe 15 Agosti 2024, Rais William Ruto alipoukabidhi mji hati ya kuwa jiji la tano nchini, bei ilipanda siku hiyo hiyo midomoni mwa madalali, ingawa mitaro ilikuwa ile ile.

Nairobi inatuonyesha jambo hilo kwa ukubwa zaidi. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Eastleigh ilijaa wafanyabiashara. Nyumba ya wageni ya Garissa Lodge ikageuzwa maduka, na majumba ya biashara yakafuata. Ng'ambo tu ya barabara ya Juja, Mathare ingali mabati. Lakini pale ambapo mwenye nyumba zote ni mmoja, mambo huenda kwa pigo moja. Mitaa ya zamani ya baraza, kama Pangani, Nairobi, na Buxton, Mombasa, ilibomolewa mizima ili kujengwa fleti. Hapakuwa na ndugu saba wa kutofautiana.

Sisemi fleti ni mbaya. Mjomba wangu hula kwa kujenga hizo hizo, na waliohamia pale petu wana maji ndani na taa kwenye ngazi. Mama mwenyewe, tukipita, husema, "Lakini wamejenga vizuri." Ninachokataa ni ile kauli ya dalali kwamba maendeleo ni kama mvua, humnyeshea kila mtu. Mimi niliona yakinyesha upande mmoja wa kijia.

Jumapili iliyopita landilodi wetu wa hapa Turbo, mama mcheshi anayeniita mkwe, alifika na vijana wawili wenye utepe wa kupimia. Walipima kutoka uani hadi barabarani, wakaandika kwenye kijitabu. Mama aliwapikia chai. Walipoondoka nikamwuliza walikuwa wakipima nini.

"Wanapima tu," alinijibu.

Usiku huo, kabla hatujazima taa, aliniuliza kama kuna mwenzangu darasani anayetoka Lumakanda, ajue vyumba kule ni pesa ngapi.