SOMO LA BIASHARA: Kosa la kugawa mshahara kwa siku 22

Kabla ya kuingia kwenye bei za mazao, wiki hii tuseme na wale wanaouza ujuzi badala ya gunia: wachora matangazo, wafasiri, watunza hesabu, mafundi wa kompyuta na wengineo walioacha ajira, au walioikosa, na sasa wanajitegemea.

Mfanyabiashara anayenunua mahindi Kibaigwa na kuyauza Dar es Salaam hapangi bei kwa kutazama bei ya kununulia peke yake. Hujumlisha magunia, wapakiaji, ushuru, lori na kilo zitakazopungua njiani, ndipo hutaja bei. Mtaalamu wa kujitegemea, ambaye mara nyingi amesoma kumzidi, haifanyi hesabu hiyo. Huchukua mshahara aliokuwa akipata, akaugawa kwa siku za kazi, na jibu likawa ndiyo bei yake.

Tuchukue mfano. Mchora matangazo alikuwa akipokea mkononi Sh. 900,000 kwa mwezi. Anagawa kwa siku 22, anapata karibu Sh. 40,900, anatoza Sh. 40,000 kwa siku. Lakini siku zote 22 hazilipwi. Zipo za kutafuta wateja, za kuandika makisio ya bei, za kufuatilia madeni na za umeme kukatika. Tuseme zinazolipwa ni 12. Mapato ni Sh. 480,000. Kampuni iliyompa kazi inakata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani Sh. 24,000. Ondoa Sh. 150,000 za intaneti, nauli, umeme na matengenezo ya kompyuta. Zinabaki Sh. 306,000, theluthi moja tu ya mshahara wa zamani, na bado hajaweka senti ya uzeeni.

Sasa tuigeuze hesabu. Anataka Sh. 900,000 za matumizi, Sh. 150,000 za gharama na Sh. 180,000 za akiba ya uzeeni. Hiyo ya mwisho ni asilimia 20, kiwango kile kile ambacho mwajiri na mwajiriwa huchangia NSSF kwa pamoja. Jumla ni Sh. 1,230,000. Gawa kwa siku 12, kisha fidia zuio: bei yake ni karibu Sh. 108,000 kwa siku. Ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya kwanza.

Msomaji atasema mteja atakimbia. Wapo watakaokimbia, hasa wakitajiwa bei ya siku. Kwa hiyo ni afadhali kuuza kazi nzima: nembo na kipeperushi kwa bei moja, masahihisho mawili, la tatu linalipiwa. Kwa maoni yetu masahihisho yasiyo na kikomo yanaua wengi kuliko hata bei ndogo, kwa sababu hayaonekani kwenye ankara.

La pili ni mkopo. Unapomaliza kazi leo na kulipwa baada ya siku 90, umemkopesha mteja bila riba, tena mteja mwenye mtaji kukuzidi. Omba nusu kabla ya kuanza. Kampuni isiyotoa malipo ya awali itoe LPO au hata barua yenye kiasi, kazi na tarehe ya kulipa. Ahadi ya simu kwamba "bosi akirudi safari tutakulipa" haina pa kuwasilishwa.

Kuhusu zuio, wengi hulihesabu kama fedha iliyopotea. Sivyo. Ni sehemu ya kodi yako ya mwaka iliyotangulizwa. Ila bila cheti cha zuio kutoka kwa aliyekukata, huna cha kuwaonyesha TRA, na unaweza kutozwa tena. Kidai cheti siku ile ile unayopokea malipo, ukitoa namba yako ya TIN, kwani mhasibu wa kampuni hana haraka ya kukutafuta miezi sita baadaye.

Vyeti hivyo vihifadhiwe pamoja na ankara. Kwa anayefunga hesabu Desemba, makadirio ya kodi huwasilishwa ifikapo 31 Machi, na hulipwa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Tenga fedha hiyo kila ankara inapolipwa, katika akaunti tofauti na ile ya matumizi ya nyumbani.