MADA: FALSAFA YA SIASA NA UONGOZI WA BIASHARA

Mtahiniwa, katika mada hii usiishie kutaja majina na tarehe. Onesha jinsi wazo la siasa linavyofanya kazi mahali pa kazi. Shika hoja hizi mbili.

1. Machiavelli (Italia, 1513). Alipoondolewa katika utumishi wa serikali ya Florence, aliandika kitabu cha kuwashauri watawala. Alisema mtawala asiyeweza kupendwa na kuogopwa kwa pamoja, ni salama zaidi aogopwe. Wengi huishia hapo. Lakini aliongeza sharti: asichukiwe, na ili asichukiwe asiguse mali za watu.

2. Mwongozo wa TANU (Tanzania, 1971). Ibara ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi viwandani waliitumia kuwapinga mameneja waliowadharau, na migomo ikafuata. Hivyo tamko la chama likawa kipimo cha uongozi wa kiwanda.

Swali la mfano

Mmiliki wa kiwanda kidogo cha matofali Ihumwa, Dodoma, hukata ujira wa anayechelewa kwa kiwango anachojiamulia siku hiyo, na humtukana mbele ya wateja. Sasa matofali yanapasuka, na hakuna mfanyakazi anayemweleza sababu. Mshauri kwa kutumia hoja zote mbili.

Jibu

Kwa kipimo cha Machiavelli, mmiliki amevuka mpaka. Ujira ni mali ya mfanyakazi; kuukata ovyo kunaleta chuki, si nidhamu. Kwa kipimo cha Mwongozo, matusi ni dharau, nayo inaondoa heshima ya kiongozi mwenyewe.

Matokeo yake yanaonekana katika matofali. Mtu anayeogopa kutukanwa hasemi kwamba saruji ni kidogo au kwamba tofali halikumwagiliwa vya kutosha. Hofu imeleta ukimya, na ukimya umeleta hasara.

Mmiliki aandike kanuni ya kuchelewa inayofuata sheria za kazi na kuwahusu wote, aonye faraghani, na awape wafanyakazi nafasi ya kueleza kasoro bila kuadhibiwa.

Hoja ya kukuongezea alama

Onesha tofauti ya hoja hizi. Machiavelli anaepuka chuki ili kulinda madaraka. Mwongozo unakataza dharau kwa sababu mfanyakazi ni binadamu mwenye utu. Tofauti hii huonekana pale watu kumi wanaposubiri kazi getini: mmiliki anaweza kudhani kwamba atamfukuza yeyote bila kuhofia kitu. Hapo hesabu ya madaraka pekee haimzuii tena kutukana. Utu bado unamzuia.

Angalizo: Usiandike kwamba kiongozi mwema hana ukali. Kusimamia kanuni kwa haki ni wajibu wake. Kumdhalilisha mtu si sehemu ya wajibu huo.

Zoezi: Je, kiongozi wa biashara anaweza kuogopwa bila kuchukiwa? Toa hoja tatu, kila moja na mfano kutoka mahali unapoishi.