Upimaji wa Zege kwa Mitambo Inayojiendesha: Elimu kwa Kamati za Ujenzi za Kata

Kuta za darasa jipya huonekana na kila mpita njia, na rangi yake husifiwa siku ya uzinduzi. Nguvu ya zege lililomo ndani ya msingi, nguzo na lenta haionekani kwa macho. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na watu 36 wakapoteza maisha. Jengo huweza kuanguka kwa sababu nyingi, zikiwamo usanifu mbaya na udongo dhaifu. Hata hivyo, udhaifu wa zege unaweza kugunduliwa mapema, iwapo kipimo chake kimefanywa kwa usahihi na uaminifu. Makala haya yanaeleza jinsi kipimo hicho kinavyofanyika, mitambo inayojiendesha inavyokiboresha, na wajibu unaobaki mikononi mwa wananchi.

Zege linavyopimwa

Zege linapomwagwa, fundi sanifu huchota sehemu yake na kuishindilia katika kalibu za chuma zenye urefu, upana na kimo cha milimita 150. Kwa kawaida, siku inayofuata michemraba hiyo hutolewa katika kalibu na kuzamishwa majini. Baadhi huvunjwa kwa mashine ikiwa na umri wa siku 7, na mingine siku 28. Kwa saruji ya kawaida, zege la siku 7 huwa limefikia takribani theluthi mbili ya nguvu ya siku 28. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hutoa tahadhari mapema, na cha pili ndicho hutumika kulikubali au kulikataa zege.

Hesabu yake si ngumu. Uso wa mchemraba una milimita za mraba 22,500. Zege la daraja la 25 linatakiwa kuhimili newtoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Maana yake ni kwamba mchemraba haupaswi kuvunjika kabla mzigo haujafikia kilonewtoni 562.5, sawa na uzito wa zaidi ya tani 57.

Makosa ya mkono

Katika mashine ya zamani, mhudumu huongeza mzigo kwa mkono huku akiutazama mshale. Mchemraba unapopasuka, husoma namba na kuiandika daftarini, kisha namba hiyo huhamishiwa katika cheti. Kosa linaweza kuingia katika kila hatua. Mchemraba uliovunjika kwa kilonewtoni 540 una nguvu ya newtoni 24 kwa milimita ya mraba, hivyo haujafikia daraja la 25. Mshale ukisomwa 585, nguvu hiyo huandikwa kuwa 26, na zege lililoshindwa hupewa cheti cha kufaulu.

Kasi ya kuongeza mzigo nayo hubadilisha matokeo. Mzigo ukiongezwa haraka kupita kiasi, zege huonekana kuwa na nguvu kuliko ilivyo. Kiwango cha Ulaya cha EN 12390-3 kinataka kasi ya newtoni 0.6 kwa milimita ya mraba kila sekunde, ikiruhusiwa kuzidi au kupungua kwa 0.2. Kwa mchemraba uliotajwa hapo juu, hizo ni kilonewtoni 13.5 kila sekunde, na mzigo unaotakiwa hufikiwa baada ya takribani sekunde 42. Ni vigumu kwa mkono wa binadamu kuidumisha kasi hiyo kwa makumi ya michemraba katika siku moja.

Mtambo unavyosaidia

Katika maabara iliyoboreshwa, kila mchemraba hupewa msimbo wake tangu siku ya kumwagwa. Vihisio hufuatilia joto la maji ulimozamishwa. Mizani hutuma uzito wake moja kwa moja katika kompyuta. Mashine huongeza mzigo kwa kasi iliyopangwa, hutambua mchemraba unapovunjika, na kuhifadhi matokeo pamoja na tarehe na saa. Programu ikiwekwa vizuri, namba haiwezi kubadilishwa bila jina la aliyeibadilisha kubaki katika kumbukumbu.

Mabadiliko haya hayamwondoi fundi sanifu. Yanampunguzia kazi ya kunakili na kumwachia kazi inayohitaji elimu yake: kukagua sampuli, kuchunguza namna ilivyovunjika na kuhoji matokeo yasiyo ya kawaida. Mashine yenyewe inahitaji kuhakikiwa usahihi wake kila baada ya muda maalumu, na inahitaji umeme wa uhakika. Mashine isiyohakikiwa inaweza kurudia kosa lilelile kila siku, na kosa hilo likachapishwa katika cheti safi.

Wajibu wa kamati ya ujenzi

Lipo jambo ambalo mtambo hauwezi kulijua: zege lililoletwa maabara lilichotwa wapi. Sampuli ikitengenezwa pembeni kwa saruji nyingi, huku nguzo za darasa zikimwagwa zege lenye maji kupita kiasi, mashine itatoa matokeo sahihi ya sampuli na yasiyo ya kweli kuhusu jengo. Tangu mwaka 1918, utafiti wa Duff Abrams wa Chicago ulikwisha kuonyesha kwamba zege hupungua nguvu kadiri maji yanavyozidi ikilinganishwa na saruji.

Kwa sababu hiyo, kamati inashauriwa kuzingatia mambo manne. Kwanza, mjumbe awepo wakati sampuli inachotwa, na ahakikishe imetoka katika zege linalomwagwa siku hiyo. Pili, jina la mradi, sehemu ya jengo na tarehe viandikwe papo hapo, na nakala ibaki kwa kamati. Tatu, cheti kinapoletwa, kamati ilinganishe tarehe ya kumwaga na tarehe ya kuvunja. Tofauti iwe siku 7 au 28 kama ilivyoandikwa. Nne, matokeo ya siku 7 yakiwa duni, mhandisi aarifiwe kabla ya kuongeza uzito juu ya sehemu hiyo. Mhandisi anaweza kuagiza jengo lenyewe likatwe sampuli na kupimwa upya.

Mwananchi anayechangia nguvu zake au fedha zake katika mradi wa kata ana haki ya kuuliza kuhusu matokeo haya. Maswali yawasilishwe kwa kamati ya ujenzi, Ofisi ya Mtendaji wa Kata au kwa Mhandisi wa Halmashauri, na yaulizwe wakati ujenzi ungali unaendelea, maana marekebisho ya nguzo ni rahisi kabla paa halijaezekwa na watoto hawajaingia darasani.