Okoa Nyimbo za Mbaraka Kabla Mkanda Haujaoza

Kama kwenu Ikwiriri kuna boksi la kaseti za mzee juu ya kabati, lishushe leo. Ukikuta humo nyimbo za mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, una mali. Joto la bati na unyevu wa masika vinaila taratibu. Kazi ya kuiokoa ni nyepesi kuliko unavyodhani: redio kaseti nzima, kompyuta ya kuazima, waya mmoja na jioni chache.

Usisubiri mwingine akufanyie. Elvis Presley alifariki mwaka 1977, na kampuni kubwa za Marekani bado zinatunza kanda zake na kuzitoa upya. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Lakini sehemu ya nyimbo zake imebaki kwenye maboksi kama hilo lako.

Panga kwanza, piga baadaye. Toa kaseti zote, zifute vumbi kwa kitambaa kikavu, uzipange mafungu matatu. La kwanza ni nzima. La pili ni zenye mkanda uliolegea au kukatika. La tatu ni zenye utando mweupe ndani: huo ni ukungu. Fungu la tatu usilitie kwenye redio kabisa, maana ukungu utahamia kwenye mashine na kuambukiza kaseti nyingine. Liweke mbali, pakavu penye hewa. Usilianike juani, plastiki itajikunja.

Vunja vile vidude vya juu. Kwenye mgongo wa kaseti kuna vipande viwili vidogo vya plastiki, kila upande na chake. Vivunje kwa ncha ya bisibisi. Hapo hata mtoto akibonyeza kitufe cha kurekodi, hakitakubali. Vikishavunjika, usizibe matundu kwa selotepu.

Safisha hedi. Sauti ya kukwaruza, au iliyofifia kama mtu anaimba chini ya blanketi, mara nyingi si kosa la kaseti. Ni uchafu kwenye hedi ya redio. Nunua spiriti na pamba duka la dawa. Zungushia pamba kwenye kijiti, ichovye kidogo, futa hedi mpaka pamba itoke nyeupe. Kile kigurudumu cha mpira kifute kwa kitambaa chenye maji kidogo. Acha vikauke kwa dakika chache. Rudia kila baada ya kaseti tatu au nne.

Zungusha mkanda kabla ya kucheza. Kaseti iliyolala miaka mingi mkanda wake umegandana. Chomeka penseli kwenye tundu, kaza mkanda taratibu. Kisha ipeleke mbele mpaka mwisho, uirudishe mpaka mwanzo. Ukisikia inakwama, simamisha hapohapo. Iliyokatika mpelekee fundi redio mzoefu, wala usiunge kwa gundi.

Unganisha kwa waya. Tafuta waya wenye jeki ndogo pande zote mbili, ule wa kuunganishia simu na spika. Upande mmoja ingiza kwenye tundu la hedifoni la redio, mwingine kwenye tundu la maiki la kompyuta. Pakua programu ya bure iitwayo Audacity. Anza na sauti ya redio chini, kisha ipandishe kidogo kidogo. Mistari ya sauti ikigonga juu na kuwa myekundu, punguza. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haitengenezeki tena.

Chagua mono na WAV. Kaseti nyingi za wazee zilirekodiwa kutoka Radio Tanzania, na matangazo yale yalikuwa ya mono. Hupotezi kitu. Faili la WAV la mono lenye ubora wa CD linachukua kama MB 5 kwa dakika, kwa hiyo kaseti ya dakika 60 inakula kama MB 300. Flash ya GB 4 inabeba kaseti kumi na zaidi. Hifadhi kila upande unapoisha, kwa sababu umeme haukupigii hodi unapokatika.

Huna kompyuta? Tumia simu. Izime mtandao, iweke kama hatua moja kutoka kwenye spika, juu ya nguo iliyokunjwa ili isipokee mtikisiko wa meza. Rekodi usiku, bodaboda zikitulia. Mvua ikianza kupiga bati, acha mpaka kesho.

Usisafishe sauti kupita kiasi. Audacity ina kitufe cha kuondoa kelele za mkanda. Ukikitumia sana, kinaondoka na gitaa pia, na gitaa la solo ndilo Mbaraka mwenyewe. Baki na nakala asili isiyoguswa. Ukitaka kujaribu, jaribu kwenye nakala ya pili.

Santuri nazo zina utaratibu wake. Zisimamishe wima, mbali na bati na dirisha. Zile za plastiki za miaka ya 70 zioshe kwa maji na sabuni kidogo bila kulowesha lebo. Lakini ile nzito inayovunjika kama sahani, ya zama za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928, usiiguse kwa spiriti. Spiriti inaiyeyusha.

Tambua umri wa wimbo. Jina la bendi linakusaidia. Mbaraka, mzaliwa wa Mzenga huko Kisarawe, mkoa wetu huuhuu wa Pwani, alipiga na Morogoro Jazz, kisha mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Wimbo wa maonyesho ya Expo 70 unafungana na safari ya bendi kwenda Osaka, Japani, mwaka 1970. Wimbo wa kumlilia Dk. Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, hauwezi kuwa wa kabla ya Desemba 1971, alipouawa. “Shida” ni wa Super Volcano. Ukiona jalada limeandikwa Ukumbusho, ujue ni mkusanyiko, na tarehe yake si tarehe ya wimbo.

Taja faili vizuri. “Track 01” haimsaidii mtu. Andika msanii, bendi, wimbo, ilikotoka: Mbaraka_SuperVolcano_Shida_kasetiyababu_upandeA. Usilolijua liachie alama ya kuuliza, usibuni. Wimbo mrefu wa santuri mara nyingi umekatwa vipande viwili, kimoja kila upande. Andika sehemu ya kwanza na ya pili.

Weka nakala tatu, sehemu tatu. Moja kwenye flash nyumbani, moja kwenye simu au kompyuta, moja kwa ndugu aliye Dar es Salaam. Sisi wa bonde la Rufiji tunajua maji yakija hayachagui kabati. Ila nakala hizi ni za kutunza. Kuziuza kibandani stendi au kuzipandisha YouTube ni jambo lingine: kazi za msanii zina wenyewe, na COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo ya kuuliza.

Mwisho, mkalishe mzee. Mpigie nyimbo ulizookoa huku simu ikirekodi maneno yake. Muulize mambo matatu: kaseti aliinunua wapi, nani anasikika akiitikia, na wimbo ulipigwa kwenye dansi gani alilohudhuria. Majibu hayo hayamo kwenye mkanda, na huwezi kuyapakua popote. Yaandike usiku huohuo, uyaweke kwenye flash moja na nyimbo zake.