Kumpeleka Kijana Shule ya Bweni Uingereza: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mzazi anayeishi Tanzania ambaye kijana wake, wa miaka 13 hadi 17, ataanza shule ya bweni Uingereza mwezi Septemba. Anza Septemba ya mwaka uliotangulia. Usiingie hatua mpya kabla hujamaliza ukaguzi wa ile uliyopo.

Maneno matatu yatatumika kwa maana moja tu. Mkuu wa bweni ni mwalimu anayeishi bwenini na kuwajibika kwa wanafunzi waliomo. Mlezi ni mtu mzima anayeishi Uingereza uliyemteua kwa maandishi afanye kazi ya mzazi pale wewe usipoweza kufika. Faili ni jalada moja lenye nyaraka zote, pamoja na picha za nyaraka hizo kwenye simu yako na ya mlezi.

Vifaa: jalada lenye mifuko 12, kalenda ya ukutani, kalamu ya wino mweusi, mizani ya mizigo, sindano na uzi.

Hatua ya 1. Zungumza na kijana kabla hujalipa chochote.
Kaeni wawili, bila ndugu wala wageni. Muulize maswali 3: unataka kwenda kufanya nini, unaogopa nini, na ukifanyiwa jambo baya utamwambia nani? Andika majibu kwa maneno yake mwenyewe, uyaweke kwenye faili. Kijana anayesema hataki kwenda asipelekwe mwaka huu. Anayepelekwa ili atengane na marafiki wabaya safari yake nayo iahirishwe, kwa sababu atafika akiamini amefukuzwa nyumbani, na hakuna mkuu wa bweni anayeweza kumwondolea imani hiyo.
Ukaguzi: majibu 3 yameandikwa, na la tatu lina jina la mtu.

Hatua ya 2. Omba orodha kamili ya gharama kwa maandishi.
Uliza ada ya muhula mmoja, kisha uizidishe mara 3, kwa kuwa mwaka una mihula 3. Uliza kama kiasi hicho kimejumuisha kodi ya ongezeko la thamani. Tangu 1 Januari 2025 ada za shule binafsi Uingereza zinatozwa kodi hiyo kwa asilimia 20, na takwimu za zamani bado zinazunguka kwa mawakala. Uliza amana ni kiasi gani na inarudishwa lini. Uliza pia sharti la ilani: shule nyingi hutaka ilani ya muhula mzima kabla ya kumwondoa mwanafunzi, la sivyo unalipa ada ya muhula ambao hakusoma.
Omba kalenda ya mwaka. Utakuta likizo 3 ndefu (Desemba, Pasaka na kiangazi) na mapumziko ya katikati ya muhula mara 3 (Oktoba, Februari na Mei). Kunaweza pia kuwa na wikendi ambazo mabweni hufungwa kabisa. Hesabu kila usiku ambao bweni limefungwa.
Ukaguzi: una namba 2 zilizoandikwa, jumla ya pauni kwa mwaka na idadi ya usiku ambao bweni limefungwa.

Hatua ya 3. Uliza kuhusu ibada, chakula na nywele.
Kwa familia ya Kiislamu: nyama ya halali inapatikana kila siku au siku maalumu, swala ya Ijumaa inaswaliwa wapi, daku inaandaliwa na nani. Kwa binti: misuko inaruhusiwa? Jambo hili wazazi hulidharau, kisha muhula wa kwanza mtoto anaamriwa kufumua nywele na hajui pa kwenda.
Ukaguzi: majibu yote yamo kwenye barua pepe, si kwenye simu.

Hatua ya 4. Teua mlezi.
Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote. Shule inaweza kuwa na viwanja vizuri, lakini kijana akiugua usiku au mabweni yakifungwa kwa dharura, ataingia mlango wa mlezi. Mpate kabla ya Machi.

(a) Soma masharti ya shule kuhusu umri wa mlezi na umbali wa nyumba yake.

(b) Chagua kati ya njia 2: ndugu au rafiki unayemjua, au kampuni ya ulezi inayolipwa. Ukichagua kampuni, angalia kama imeidhinishwa na AEGIS, chama cha Uingereza kinachokagua kampuni za ulezi. Tafuta jina lake kwenye orodha ya AEGIS yenyewe. Nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya kampuni haitoshi.

(c) Ukichagua mtu unayemjua, mpe kalenda ya hatua ya 2 na umwombe aandike “ndiyo” au “hapana” mbele ya kila tarehe. Ndugu zetu hutoa neno la ukarimu haraka: “mlete tu, hapa ni kwao.” Neno hilo ni la kweli, ila halisemi nani atakuwa nyumbani Jumamosi ya tatu ya Novemba wakati yeye yuko zamu ya usiku hospitalini. Mwenye “hapana” zaidi ya 2 abaki ndugu mpendwa, na ulezi apewe mwingine.

(d) Hesabu siku za mfululizo ambazo kijana atakaa kwa mtu huyo. Sheria ya Uingereza inasema hivi: mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye ndugu wa karibu, halmashauri ya eneo hilo lazima ijulishwe, kwa kawaida wiki 6 kabla. Ndugu wa karibu kwa sheria hiyo ni babu au bibi, kaka au dada, mjomba, shangazi, baba au mama mdogo au mkubwa, na mzazi wa kambo. Binamu wa mama hayumo, hata kama nyumbani mnamwita mjomba. Likizo ya kiangazi pekee huvuka siku 28 kwa urahisi.

(e) Andika barua ya uteuzi yenye jina la mlezi, anwani, simu 2, na ruhusa ya kukubali matibabu ya dharura. Itieni saini wazazi wote wawili.

Ukaguzi: piga simu kwa mlezi ukiwa na kijana. Kijana amwulize mwenyewe: “Bweni likifungwa ghafla nitafikaje kwako?” Jibu litaje basi au treni gani, au nani atakayekuja kumchukua. Likiwa “tutaona,” rudi (b).

Hatua ya 5. Kamilisha mambo ya afya.
Kamilisha chanjo zote ambazo shule imeorodhesha, ikiwemo ya homa ya uti wa mgongo ya ACWY. Kama hujui hali ya selimundu ya kijana, mpime. Mwenye selimundu anaweza kupata maumivu makali akipigwa na baridi, na muuguzi wa shule lazima ajue kabla ya Oktoba.
Kisha shughulikia malaria. Daktari wa kule anapoona homa mwezi Septemba hufikiria mafua kwanza. Andika kadi kwa Kiingereza, ya ukubwa wa kitambulisho, yenye ujumbe huu: “Natoka eneo lenye malaria. Nina homa. Naomba nipimwe damu leo.” Kadi itumike kwa homa yoyote ndani ya mwaka 1 tangu aondoke Tanzania, na hesabu ianze upya kila anaporudi shuleni kutoka likizo. Akija likizo baada ya miezi mingi, muulize daktari kuhusu dawa za kinga, kwa kuwa kinga aliyojijengea mwilini hupungua anapokaa mbali.
Ukaguzi: kadi imo kwenye pochi ya kijana, na nakala imetumwa kwa muuguzi wa shule.

Hatua ya 6. Omba viza.
Fuata mpangilio huu bila kuruka.

(a) Lipa amana, kisha subiri shule itoe CAS, yaani namba inayothibitisha kuwa imempokea kijana. Linganisha kila herufi ya jina kwenye CAS na pasipoti. Likitofautiana hata kwa herufi 1, omba marekebisho kwanza.

(b) Mpime kijana kifua kikuu kwenye kliniki iliyo kwenye orodha ya serikali ya Uingereza. Cheti cha kliniki nyingine hakikubaliwi. Cheti hudumu miezi 6.

(c) Weka benki fedha za ada na bweni za mwaka mmoja ambazo bado hazijalipwa. Zikae siku 28 mfululizo. Salio likishuka chini ya kiasi hicho hata siku 1, hesabu huanza upya. Tarehe ya mwisho ya taarifa ya benki isizidi siku 31 kabla ya siku ya kuomba: ukiomba 20 Juni, isiwe kabla ya 20 Mei.

(d) Andika barua ya ridhaa yenye saini za wazazi wote wawili. Itamke kuwa mnakubali ombi la viza, safari, mapokezi na mahali kijana atakapoishi. Ambatisha cheti cha kuzaliwa.

(e) Jaza fomu mtandaoni na ulipe. Mbali na ada ya viza kuna tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, inayolipwa yote kwa pamoja kwa muda wote wa viza.

(f) Mpeleke kijana kwenye kituo cha maombi kwa alama za vidole na picha.

Ukaguzi: uamuzi ukitoka, soma tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na tahajia ya jina siku hiyohiyo. Kama viza ni ya kidijitali, hakikisha akaunti imeunganishwa na pasipoti ile ile atakayosafiria.

Hatua ya 7. Mfundishe kijana kazi 5 kwa wiki 8.
Kufua na kupiga pasi shati, kushona kifungo, kutandika kitanda, kuandika matumizi ya wiki kwenye daftari, na kumwandikia mtu mzima ujumbe wa kuomba msaada. Dada wa kazi asimsaidie katika wiki hizo 8. Ya tano ndiyo ngumu zaidi kwa vijana wetu tuliowalea wanyamaze mbele ya wakubwa, hivyo irudiwe kila wiki.
Ukaguzi: kila kazi ameifanya mara 3 bila kuelekezwa.

Hatua ya 8. Funga mzigo.
Fuata orodha ya shule pekee. Shona lebo ya jina kwenye kila nguo, soksi zikiwemo, pande zote 4 za lebo. Iliyoshikizwa ncha 2 tu hung’oka kwenye mashine za kufulia. Ongeza makopo 2 ya mafuta mazito ya ngozi kwa ajili ya baridi. Adapta haihitajiki: plagi yao ni ya pini 3 bapa kama yetu, na umeme ni volti 230. Usiweke nyama wala vyakula vya maziwa, samli ikiwemo, forodha haiviruhusu. Koti zito linunuliwe kule.
Ukaguzi: pima begi kwa mizani. Faili, dawa na kadi ya malaria ziko kwenye begi la mkononi.

Hatua ya 9. Panga safari ya kwanza.
Chagua ndege inayotua mchana. Kama atapitia Doha, Dubai au Addis Ababa peke yake, pata kwa maandishi masharti ya shirika kwa umri wake kabla ya kununua tiketi.
Ukaguzi: anayempokea amekutumia jina, simu na picha yake, na kijana anavyo.

Hatua ya 10. Simamia wiki 6 za kwanza.
Piga simu Jumatano na Jumapili, saa 3 usiku ya Tanzania. Uingereza itakuwa saa 1 usiku hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Baada ya hapo saa zao hurudi nyuma na itakuwa saa 12 jioni.
Kijana akisema “njoo unichukue,” msikilize hadi amalize. Usiahidi na usikemee. Mwandikie mkuu wa bweni usiku huohuo, uombe jibu ndani ya saa 24. Upweke wa kwanza kwa kawaida hupungua anapopata rafiki na timu.
Utaratibu huu haufai kwa dalili hizi: hali chakula, anaogopa mtu mmoja kwa jina, ameguswa au kutishwa, au anazungumzia kujidhuru. Hapo mpigie afisa wa ulinzi wa watoto wa shule saa hiyohiyo na umtume mlezi aende. Kijana awe amehifadhi namba ya Childline, 0800 1111, ambayo ni bure akiwa Uingereza.
Ukaguzi: kila Jumapili andika mstari 1: amekula, amelala, ametaja rafiki kwa jina?

Hatua ya 11. Amua kabla tarehe ya ilani haijapita.
Katika mapumziko ya Oktoba, toa majibu ya hatua ya 1 na uyasome pamoja na kijana kwa simu ya video. Linganisha na mistari yako ya Jumapili. Kama shule inataka ilani ya muhula mzima, na mnafikiri aondoke Pasaka, barua lazima ifike kabla ya siku ya kwanza ya muhula wa Januari. Weka alama kwenye kalenda wiki 3 kabla ya siku hiyo, ili muda wa kuzungumza na mkuu wa bweni na mlezi uwepo.
Ukaguzi: uamuzi, wa kubaki au kuondoka, umeandikwa kwa tarehe, na kijana ameutia saini pamoja nawe.